Alichosema Valens Kanama

Gisenyi, 4 Februari 2024

Mwanangu Valens,

Natumaini karatasi hii inakukuta umeshiba, maana ukiwa na njaa husomi, unaruka mistari. Nakujua tangu nilipokufundisha darasa la kwanza.

Mimi sijambo. Masikio ni yale yale tangu ile homa ya uti wa mgongo, yamebaki mapambo ya kuvalia hereni. Sukari imeshuka. Dawa za presha ananipa Sista Mukamana kwa mkono wake kila asubuhi, na silipi hata senti moja. Serikali inalipa kitanda, chakula, bima ya mituweli, kila kitu. Namshukuru Mungu, kisha serikali, kisha wewe uliyehangaika ofisi hadi ofisi mwaka jana mpaka nikapata nafasi katika makao haya ya wazee. Siku ile ya mkutano wa kijiji pale Kanama nilikuona ulivyotokwa jasho. Nikasema moyoni, huyu ananipigania.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni hawa dagaa wa ziwani, sambaza. Wametukaangia wiki nzima, na wazee wenye meno humu tuko saba. La pili ni wewe. Tangu uhamie Kamembe unakuja mara moja kwa mwezi, unakaa dakika ishirini, huingii bwaloni, unasimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Mimi nawaambia watu, huyu ni mwanangu, nao wanatikisa vichwa tu, kama nimewaambia mvua imenyesha. Siku nyingine ingia, ule nao.

Sasa habari njema: nimepata kazi. Usicheke. Tarehe kumi na mbili Machi anakuja afisa wa wilaya kuhakiki wazee wanaolipiwa na serikali, na mafaili yote yanatakiwa kunakiliwa kwenye fomu mpya. Kompyuta imekufa, na mwandiko wa Sista ni kama kuku amepita kwenye majivu. Akaona wangu, akaniletea meza. Tuko thelathini na nne. Tunakwenda kwa herufi, kwa hiyo mimi Thacienne niko karibu na mwisho. Usiniandikie kwenye simu, herufi zake ni mchwa. Andika karatasi, umpe wakala wa basi.

Mama yako,
Thacienne

*

Kamembe, 9 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Kabatesi na mtoto wanakusalimu. Duka linakwenda.

Mama, hiyo kazi ya mafaili naomba uiache. Macho yako tunayategemea sana, ukiyachosha utabaki na nini? Halafu mambo ya watu yaliyomo humo ni siri, siku yakivuja watasema ni wewe. Mwambie Sista kichwa kinauma. Hata leo mwambie.

Sambaza nitaongea nao.

Mwanao,
Valens

*

Kamembe, 9 Februari 2024

Kwa Sista Mukamana,

Tumsifu Yesu Kristo. Samahani naandika kwa Kiswahili. Nimesomea Ngara, Tanzania, na Kinyarwanda changu cha kuandika kinachekesha.

Mimi ni Valens Rutayisire, yule jirani aliyemleta Mama Thacienne kutoka Kanama. Nimesikia anaandika mafaili. Kama jirani naomba apumzishwe. Ni mtu wa presha, na mara nyingine akisoma jambo hulielewa vibaya. Kama kuna mtu mwingine wa kunakili, hata wa kulipwa, mimi niko tayari kuchangia.

Wako katika Kristo,
Valens R.

*

Gisenyi, 16 Februari 2024

Bwana Valens,

Milele amina. Usiogope Kiswahili, mi nilisomea Goma, na hapa Gisenyi kila mutu anakisema.

Barua yako imenigusa roho. Nakuambia kweli, iko watoto wa damu wanatupa wazazi wao kwenye mulango yetu na hawarudi hata kwa Noeli. Na we jirani tu, unafikiria mupaka macho ya ule mama. Siku ya dimanche, kisha misa, niliwaambia wazee wote juu yako, tukakuombea. Watu kama we ni kidogo.

Lakini kazi simunyimi. Tangu anaandika anakula muzuri na anaimba. Hasikii, donc anaimba vibaya, lakini anaimba. Ule mama ana upendo. Anaita kila mutu mwanangu, hata mulinzi. Akikutaja we, uso yake inabadilika kabisa.

Bon, neno lingine. Tarehe 12 afisa anataka kuona mutu aliyeleta kila muzee, kwa sababu serikali inalipa tu kwa muzee asiye na mutoto wala ndugu. Tafazali ukuje usaini. Na utuombee: iko mama moja ya Busasamana, jina yake Umulisa, hana mutu hata moja. Analala jikoni ya parokia tangu Noeli akingojea kitanda. Vitanda vyetu vyote vimejaa.

Mungu akubariki,
Sista Mukamana

*

Gisenyi, 21 Februari 2024

Valens,

Nimefika kwenye faili langu.

Lina kurasa tatu. Penye watoto pameandikwa: alizaa mmoja, amefariki. Penye ndugu: hana. Aliyemleta: Valens Rutayisire, jirani. Atakayemzika: makao. Chini kuna muhuri wa kijiji na sahihi za watu saba wa Kanama.

Kwanza nilidhani wamechanganya karatasi. Nikatafuta Thacienne mwingine humu, hayupo. Ndipo nikaikumbuka siku ile ya mkutano. Tulikuwa na miezi mitatu tu Kanama, watu hawajatujua. Ulisimama ukasema nao, wakawa wananitazama mmoja mmoja, kuna mwanamke akafuta machozi kwa kitenge. Ukanigusa bega nisimame. Nikasimama. Nikainama kuwashukuru, nikawaonyesha meno yangu yote, nao wakapiga makofi. Nilidhani wanamkaribisha mgeni. Niliwachekea, Valens. Kila nikikumbuka kwamba niliwachekea, nataka kuufunika uso kwa shuka.

Sikuulizi kwa nini. Kwa nini utaniandikia kurasa nne, nakujua. Nakuuliza ulisema nini. Kanama nzima ilisikia, hata watoto waliokaa juu ya ukuta, isipokuwa mimi niliyekuwa nikisemwa. Niandikie maneno yale yale kama ulivyoyatamka.

Faili langu sijalinakili.

Thacienne

*

Kamembe, 26 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikafunga duka saa sita mchana.

Ni kweli kulikuwa na makosa kwenye kuandikisha. Lakini Mama, jiweke mahali pangu. Nyumba ya huku Kamembe ilikuwa imefika kwenye linta, fundi amekaa ananitazama, mvua ya masika imekaribia, Kabatesi ana mimba ya miezi saba. Wewe unahitaji dawa kila siku na mtu wa kukupima sukari, na mimi nashinda njiani. Pale makao ukilipa mwenyewe ni kila mwezi, na kila nilichopata kilikuwa kinaingia kwenye mabati. Mtu akanieleza kwamba serikali inawalipia wazee wasio na mtu. Na kwa kweli ukihesabu siku nilizokuwa nalala nje, ni kama hukuwa na mtu.

Pale mkutanoni nilisema tu kwamba huna wa kukutunza. Wao ndio wakaandika walivyoelewa. Sikutaka kukukosea heshima. Na si unaona mwenyewe, sukari imeshuka, umenenepa, una kazi. Nimekuweka pazuri.

Nakuomba, nakili hilo faili kama lilivyo. Afisa akishapita nitalirekebisha polepole bila kelele. Nikiumbuka mimi, anaumbuka na mjukuu wako.

Mwanao,
Valens

*

Gisenyi, 1 Machi 2024

Valens,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kurasa ni nne kama nilivyosema. Swali halijajibiwa.

Uliniandikia kuwa walielewa vibaya. Watu saba hawawezi kuelewa vibaya kifo kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umefika mwisho wake, rudi.

Ulisema nini?

Thacienne

*

Kamembe, 5 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia.

Mwenyekiti aliniuliza, "Wewe ni nani kwa huyu mama?" Nikasema, "Ni jirani yake, tunakaa ua mmoja." Akauliza, "Ana watoto?" Nikasema, "Alizaa mmoja. Alifariki Ngara." Mwanamke mmoja akauliza mtoto aliitwa nani. Nikasema, "Teta." Akauliza alikufa na nini. Nikasema, "Surua. Alikuwa na miaka sita. Huyu mama hajawahi kupona."

Ndiyo hayo. Sikuongeza wala kupunguza.

Umeona mwenyewe kwamba, ukiacha lile la "jirani", neno la uongo ni moja tu, lile la "mmoja". Mengine yote ni ya kweli, ndiyo maana sauti haikutetemeka. Nilimchukua dada yangu nikamsimamisha mbele ya watu, mimi nikajificha nyuma yake. Mwanamke aliyelia alikuwa anamlilia Teta. Nilipoona analia nilifurahi, Mama. Nilijua imepita.

Nilijua pia hawatanishuku. Ulikuwa unaniita mwanangu kutwa nzima pale uani, lakini huku kila mama mzee anamwita kila kijana mwanangu. Na majina yetu Wanyarwanda hayafuatani, sina jina lako wala la baba. Hayo yote niliyapiga hesabu usiku uliotangulia. Sikuteleza. Nilipanga.

Kwenye ile barua ya kwanza ulisema nilikuwa nakupigania. Kabatesi alinikuta naisoma stoo, akauliza nani kafa.

Tarehe kumi na mbili nitakuja. Nitamwambia afisa mbele ya Sista mimi ni nani. Nitaingia bwaloni.

Valens

*

Gisenyi, 14 Machi 2024

Bwana Valens,

Amani ya Bwana. Tulikungojea tarehe 12, simu yako haipatikani. Najua ni mbali na una kazi, usijali. Mambo ilipita muzuri, wazee wote wamebaki kwenye liste.

Lakini nakuletea habari ya huzuni, kwa sababu we ndiye mutu wake. Kichwa ya Mama Thacienne imeanza kuchoka. Afisa alimuandikia kwenye karatasi, "Una mtoto?" Akajibu, ninaye. Akaandika majina mbili, ya mutoto aliyekufa na jina yako. Afisa akauliza huyu wa pili iko wapi. Akaandika, "Yuko getini." Tulitoka mimi na afisa mupaka nje, hakuna mutu. Mulinzi alikuwa ameenda kuonyesha dereva choo. Tuliporudi, mama alikuwa amesimama kwenye dirisha anaonyesha kwa kidole. Wazee wengine pale bwaloni walicheka. Niliwakemea.

Afisa alisikia huruma. Aliandika kwamba ni uzee, na kwamba anaendelea kulipiwa. Daktari anasema hivi inatokea kwa mama waliofiwa, wanachukua mutu aliyewatendea mema wanamufanya mutoto. Kwa hiyo usikasirike na jina yako kutumiwa.

Kazi ya mafaili nimemutoa, ulisema kweli tangu mwanzo. Nisamehe kwa kutokusikiliza.

Sista Mukamana

*

Gisenyi, 17 Machi 2024

Valens,

Ulikuwa umevaa shati la mistari ya bluu na ulishika mkate. Gari la wilaya lilikuwa limeegeshwa upande wako wa kulia. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi Mungu ameniachia hayo tu. Niliona mlinzi akiondoka. Nikasema moyoni, sasa ataingia. Afisa alikuwa ananiandikia swali, mimi natazama dirishani. Ukaweka mkono kwenye geti. Nikaandika jibu langu kwa mwandiko mkubwa, jina la Teta na jina lako, nikainua kichwa. Ulikuwa umegeuka. Nikaandika "Yuko getini" nikiwa nauona mgongo wako.

Walipotoka ulikuwa umeshapita kona.

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye furushi ili waninyang'anye kitanda wampe Umulisa wa Busasamana. Nilifikiri nikisema kweli nitafukuzwa. Sikufikiri kwamba nikisema kweli nitahurumiwa.

Sasa sikiliza ninavyoishi. Kila asubuhi Sista ananiandikia kwenye ubao mdogo: "Leo ni siku gani?" Nikijibu sawa, ananipigia makofi. Wameniondolea meza na kalamu. Hii ya kuandikia nimeazima kwa mlinzi. Bwaloni wamenihamishia meza ya wanaolishwa. Bibi aliyekuwa akinisukia nywele siku hizi ananipa nusu ya ndizi yake, kama mtoto. Mimi, Valens. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Nikisema nina mtoto wananipapasa mgongo, nikinyamaza wananipapasa mgongo. Jana nilikasirika nikapiga meza, nikaona Sista anaandika kwenye daftari lake.

Waliosema mtoto akinyea kiganja hakikatwi walisema kweli. Sikukati. Ila mkono unanuka, na nakula nao.

Sikuombi nyumba wala dawa. Umejenga, kaa humo na mkeo na mtoto. Wala sikuombi unizike, nitazikwa na atakayekuwa karibu. Naomba uwaambie hawa watu kwamba akili yangu ni nzima. Hilo hawezi kulisema mtu mwingine duniani ila wewe. Hata mimi mwenyewe siwezi.

Mama yako,
Thacienne

*

Kamembe, 20 Machi 2024

Sista Mukamana,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mama Thacienne hajachanganyikiwa. Mimi ni mtoto wake. Alinizaa Ngara mwaka 1983, miaka miwili baada ya Teta. Sijawahi kuwa jirani wa mtu yeyote hapo makao.

Tarehe kumi na mbili nilikuwa getini kwenu kama alivyoandika, na shati la mistari ya bluu, na mkate. Niliona gari la wilaya nikaogopa. Mkate niliula njiani, ndani ya basi, hata njaa sikuwa nayo.

Nilidanganya mkutano wa kijiji ili serikali imlipie mama yangu, mimi nipaue nyumba. Yeye hakujua. Hakusikia. Alisimama akashukuru kwa sababu mimi nilimwambia asimame. Kwa muda wote huo mwanamke asiye na mtu kabisa amelala jikoni kwa ajili ya mabati yangu, na wewe uliniombea mbele ya wazee, nami niliisoma barua hiyo nikaiweka mfukoni.

Jana, Jumanne, nilikwenda Kanama kwenye mkutano, nikaomba nafasi, nikasimama. Nilisema yote. Nilidhani watanizomea, ningepata nafuu. Hawakunizomea. Yule mwanamke aliyemlilia Teta mwaka jana alikuwa ameketi mbele yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akabeba kiti chake akaenda kukaa nyuma. Mwenyekiti ameandika barua kwa ofisi ya sekta. Watakachoniamulia kulipa nitalipa, na kama ni zaidi ya kulipa, wanajua duka langu lilipo.

Jumamosi nitakuja na gari. Kitanda mpeni Umulisa. Mama akikubali kuja kwangu, chumba kipo. Akikataa, nitamtafutia pa kukaa anapotaka yeye, na nitalipa mimi. Asishurutishwe, wala asiulizwe tena siku.

Nina ombi moja. Wazee walimcheka bwaloni, kwa hiyo barua hii naomba isomwe bwaloni. Isomwe kwa sauti, saa ya chakula, wote wakiwepo, pamoja na bibi wa ndizi na mlinzi. Usiruke palipoandikwa mkate. Najua yeye hatasikia. Basi ukimaliza mpe mkononi, umrudishie na kalamu, aisome mwenyewe mbele yao.

Valens Rutayisire,
mtoto wa Thacienne